Masjala na Mashine

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ukiutazama kwa mbali, uamuzi huo unashangaza. Hii ilikuwa serikali ya mipango: ilikuwa ikiukamilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Miaka Mitano, ilikuwa imetaifisha mabenki na viwanda baada ya Azimio la Arusha la 1967, na mashirika ya umma yalizidi kuongezeka, kila shirika na bodi yake, mishahara yake na hesabu zake. Nchi iliyohitaji takwimu kiasi hicho iliifungia mlango mashine ya kuchambua takwimu. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni uhaba wa fedha za kigeni, siasa ya kujitegemea, na wasiwasi wa kuziacha hesabu za taifa mikononi mwa wataalamu wa nje. Zote zina ukweli wake. Hata hivyo zinaacha pembeni jambo moja ambalo historia ya ofisi zetu inalionyesha mara kwa mara, nalo linahusu chumba kisichopewa heshima yoyote: masjala. Kila chombo kilichorahisisha kuandika na kunakili kimeifanya kazi ya kutunza na kutafuta kuwa ngumu zaidi, na mzigo huo umemwangukia karani wa masjala, mtu ambaye taasisi hazikumhesabu kuwa sehemu ya teknolojia. Pale alipowezeshwa, chombo kipya kilifaa. Pale alipopuuzwa, chombo kilekile kiliivuruga ofisi.

Ili tuone kilichobadilika, tuanze na zama ambazo utawala haukuwa na masjala. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, karibu mwaka 1840, mapato yake makubwa yalitoka katika ushuru wa forodha, na ushuru huo ulikuwa umekodishwa. Mfanyabiashara alimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha akajikusanyia mwenyewe bandarini. Kwa miaka mingi mkodishwaji alikuwa Jairam Shivji na nyumba yake ya biashara yenye asili ya Kutch, India. Daftari za forodha zilikuwa daftari za nyumba hiyo, zikiandikwa kwa desturi za kwao na kukaa kwao. Sultani alijua alicholipwa. Kilichokusanywa kwa hakika kilikuwa ndani ya vitabu vya mtu mwingine. Hali ilifanana katika mambo ya raia. Mkataba wa deni, wa kuuza shamba au wa kuweka rehani uliandikwa kwa hati za Kiarabu, mashahidi wakatajwa kwa majina na nasaba zao, kadhi akathibitisha, na waraka ukabaki kwa mwenye haki. Nguvu ya karatasi ile ilitoka kwa watu walioishuhudia. Mfumo huu uliendesha biashara iliyofika hadi Maziwa Makuu, kwa hiyo si haki kuuita wa kishamba. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: habari zilikuwa mali ya aliyezishika, na utawala wenyewe haukuwa na pahali pa kuzitafuta mwenye nazo akifa, akihama au akikataa kusema.

Wajerumani walikuja na mazoea mengine. Walipohamishia makao makuu kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam mwaka 1891 walileta utawala wa jalada: kila suala na jalada lake, kila jalada na namba yake. Lakini walikuta pwani tayari ina waandishi, na kwa miaka ya mwanzo barua nyingi kati ya boma na maliwali na maakida ziliandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Walilazimika kujifunza kuzisoma. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani hati hizo. Wakati huohuo shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa ikiandaa makarani wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Herufi hizo zilipoenea maofisini, wazee wa pwani, walimu wa vyuo na makadhi waliokuwa wasomi kwa vizazi wakajikuta hawawezi kusoma barua inayowahusu wao wenyewe. Taipureta haikuanzisha mabadiliko hayo, ila iliyapigia muhuri, kwa kuwa mashine zilizofungwa maofisini ziliandika herufi za Kilatini tu. Kwa hiyo mabadiliko ya kwanza makubwa ya teknolojia ya habari katika ofisi za Tanganyika hayakuongeza ujuzi tu. Yalihamisha ujuzi kutoka kundi moja la watu kwenda jingine. Kijana aliyetoka shule ya Tanga alishika nafasi ambayo babu yake msomi hangeweza kuishika.

Ubora wa majalada ya Kijerumani ulithibitika katika msukosuko. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowabana, Wajerumani waliyaondoa majalada ya serikali kuu Dar es Salaam wakayapeleka bara, na sehemu yake wakaifukia ardhini Tabora; baada ya vita yakafukuliwa. Leo yako katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Mtu anaweza kusema ni bahati tu kwamba mchwa na unyevu havikuyamaliza. Bahati ilikuwapo. Lakini rundo la karatasi zisizopangwa, hata likifukuliwa likiwa zima, halimsaidii mtafiti kujua barua ipi ilijibu ipi. Majalada haya yalisomeka kwa sababu kila karatasi ilikuwa imeshonwa mahali pake, kwa mpangilio, kabla ya kufukiwa.

Waingereza waliuchukua utawala na kuupanua, na ndio waliotuachia masjala kama tunavyoijua. Barua ilipofika ilipigwa muhuri wa tarehe, ikaandikwa katika rejista, ikatafutiwa faili lake, ikapewa namba ya folio na kufungwa kwa uzi. Ndani ya faili barua zilikaa upande mmoja na madokezo upande mwingine, ili afisa anayelifungua aone nani aliamua nini, lini na kwa sababu gani. Tarishi alilibeba faili kutoka dawati hadi dawati, na karani aliandika limekwenda wapi. Wilayani, mabwana shauri walitakiwa kujaza kitabu cha wilaya, chenye habari za koo, mashamba, kodi, mvua na watawala wa jadi, ili anayehamishiwa pale asianze upya. Taipureta na karatasi ya kaboni viliingia katika utaratibu huu bila kuubomoa, na sababu inastahili kutazamwa kwa makini. Kwa kaboni, nakala ilizaliwa pamoja na barua. Mpiga taipu alipomaliza kazi yake, nakala ya faili ilikuwa tayari ipo. Hakuna aliyehitaji kukumbuka kuitengeneza. Barua moja ya bomani iliacha alama bomani, jimboni na makao makuu. Faida yake ilionekana Nairobi mwaka 1939, moto ulipounguza ofisi ya Sekretarieti na kuteketeza sehemu kubwa ya majalada ya serikali kuu ya Kenya. Historia ya koloni lile inaandikika leo kwa kiasi kikubwa kwa sababu majimbo na wilaya zilikuwa na nakala na taarifa zao.

Hapa pana pingamizi ambalo haliwezi kupitwa. Masjala hiyo tunayoisifu ilikuwa chombo cha ukoloni. Ilihesabu watu ili iwatoze kodi, ilirekodi wapinzani ili iwafunge, na mafaili yake ya siri hayakuguswa na karani Mwafrika. Kati ya 1961 na 1963, wakati Tanganyika, Uganda na Kenya zikielekea uhuru, maofisa walitenga mafaili yaliyoonekana kuwa yangeiaibisha Uingereza; mengine yalichomwa, mengine yakasafirishwa kwa siri hadi Uingereza, na kazi ya kuyachambua ikaachiwa maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya tu. Yote hayo ni kweli, na hakuna sababu ya kuuonea fahari utaratibu uliotumika hivyo. Lakini tazama ulivyowageukia waliouunda. Wazee wa Kenya walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, wanahistoria waliokuwa upande wao, akiwamo David Anderson, waliweza kuonyesha kwamba mafaili yapatayo 1,500 yalikuwa yameondolewa Nairobi. Waliweza kwa sababu kuondolewa kwenyewe kulikuwa kumeandikwa. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kuwa inashikilia maelfu ya mafaili kutoka makoloni 37 huko Hanslope Park, na mwaka 2013 ikakubali kuwalipa wadai zaidi ya 5,000 kiasi cha pauni milioni 19.9. Mnyonge hakuushinda utawala kwa kukosekana kwa masjala. Alishinda kwa sababu masjala ilikuwa na mazoea ya kuandika hata inachokificha.

Uhuru ulipokuja, nchi mpya zilirithi mafaili yaliyopunguzwa na watumishi wachache waliofunzwa. Tanganyika ilichukua hatua mapema kuliko inavyodhaniwa: waraka wa Rais wa mwaka 1963 uliamuru kuhifadhiwa kwa nyaraka za serikali, na mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya Nyaraka za Taifa. Mwaka huohuo wa 1965 Kenya nayo ilipata sheria yake. Tatizo halikuwa nia. Tatizo lilikuwa kasi ya mabadiliko ya taasisi zenyewe. Baada ya 1967 mashirika ya umma yaliundwa, yakaunganishwa na kugawanywa. Mwaka 1972 serikali ilipeleka madaraka mikoani na kuzifuta halmashauri za wilaya. Zilirudishwa miaka zaidi ya kumi baadaye. Halmashauri ikifutwa, mafaili yake yanabaki bila mwenyewe: hakuna ofisa anayeyahitaji kila siku, hakuna bajeti ya chumba, na aliyejua faili la kesi ya mpaka wa shamba liko rafu gani amepangiwa kazi nyingine. Ujuzi wa karani wa masjala hauandikwi popote, ni wa kichwani na mikononi, na huondoka naye. Katika kila uamuzi wa kuvunja na kuunda ofisi, hesabu ya majengo, magari na watumishi ilifanywa. Hesabu ya kumbukumbu ilikuwa ya mwisho, kama ilifanywa.

Katika mazingira hayo ndipo kompyuta ilipoingia. Ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kufikia 1974 zilikuwapo saba. Wizara ilitegemea mashine iitolee hesabu za serikali. Kilichotokea ni kinyume chake: hesabu zilivurugika, udhibiti ukapotea, na wizara ikalazimika kurudi kwenye mashine za hesabu za aina ya zamani. Kisha likaja katazo. Wanaolieleza kwa uhaba wa wataalamu wana hoja nzito, kwa sababu Watanzania waliofunzwa kompyuta walikuwa wachache mno na kazi ilitegemea wageni ambao mikataba yao ilikwisha wakaondoka. Lakini mtaalamu wa kompyuta, hata angekuwa Mtanzania, angeweza tu kuchambua alicholetewa. Hesabu za serikali zilianzia katika hati za malipo zilizoandikwa kwa mkono mikoani, zikapita mikononi mwa watu wengi, zikachelewa, zikakosewa fungu la matumizi, ndipo zikageuzwa kuwa matundu kwenye kadi. Katika leja ya mkono, karani aliyeona tarakimu isiyoeleweka alilifungua faili na kuuliza. Kwenye kadi, tarakimu ya kweli na ya uongo zina matundu yanayofanana. Mashine ilihitaji nidhamu ya kumbukumbu kubwa kuliko ile iliyokuwapo, nayo ililetwa kama dawa ya nidhamu kupungua. Katazo la 1974 lilitibu dalili. Liliiondoa mashine na kuiacha masjala kama ilivyokuwa.

Katazo lililegezwa polepole, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kompyuta ndogo zikaanza kuenea katika ofisi za serikali na za watu binafsi. Kabla yake mashine ya fotokopi ilikuwa imeshazoeleka. Vyombo hivi viwili vilileta badiliko ambalo halikutangazwa na mtu, lakini kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii: vilivunja uhusiano kati ya kuandika na kutunza. Kwa fotokopi, nakala iliweza kutengenezwa na yeyote, wakati wowote, bila namba ya folio na bila masjala kujua. Ikawa rahisi kwa karatasi kuwa mahali kumi na faili lenyewe kuwa tupu. Kwa kompyuta, afisa aliyekuwa akimpa mhazili rasimu ya mkono alianza kuandika barua zake mwenyewe. Akichapisha nakala moja na kuituma, nakala ya faili haipo, kwa kuwa haizaliwi tena pamoja na barua; lazima mtu aamue kuitengeneza. Aliyeamua zamani alikuwa mhazili au karani, kwa mujibu wa kazi yake. Sasa anaamua mkurugenzi mwenye haraka. Barua pepe ilipofika, hata ile barua inayoingia haikupita tena masjala, ilikwenda moja kwa moja kwa mhusika, na akistaafu au akibadilisha anwani inakwenda naye. Ofisi ya mwaka 1955, kwa uzi, gundi na kaboni, ilijua barua ngapi zimeingia juma lililopita. Ofisi ya mwaka 2005, yenye kompyuta kila meza, mara nyingi haikuweza kujibu swali hilo.

Haiwezi kusemwa kwamba hakuna aliyeliona. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika mageuzi ya utumishi wa umma, masjala za wizara za Tanzania zilianza kupangwa upya: mafaili yaliyolala yalitenganishwa na yanayotumika, mfumo mpya wa kuyaainisha ukawekwa, na watumishi wakafunzwa. Mwaka 2002 ilipitishwa Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka, iliyounganisha kwa mara ya kwanza faili lililo mezani na waraka ulio ghalani kuwa kitu kimoja chenye maisha tangu kuundwa hadi kuhifadhiwa au kuteketezwa. Chuo cha Utumishi wa Umma, kilichoirithi shule ya uhazili ya Tabora, kinatoa mafunzo ya utunzaji wa kumbukumbu. Hatua hizi zilikuwa sahihi. Zilichokosa ni hadhi. Mtunza kumbukumbu aliendelea kuwa wa ngazi za chini, na masjala ikabaki pahali pa kumpeleka mtumishi ambaye idara nyingine haimtaki, wakati kitengo cha teknolojia ya habari kilipanda hadi kuwa na mkurugenzi wake na fungu lake la fedha.

Gharama ya mgawanyo huo ilionekana wazi mwaka 2016 na 2017. Serikali ya Rais Magufuli iliendesha uhakiki wa watumishi na kukuta zaidi ya majina 10,000 ya wafanyakazi hewa katika orodha ya malipo: waliokufa, waliostaafu, walioacha kazi, na wengine ambao hawakuwahi kuwapo. Orodha hiyo haikuwa ya daftari za mkono. Ilikuwa katika mfumo wa kompyuta. Mfumo ulifanya kazi yake barabara, ukilipa kwa wakati kila jina lililokuwamo. Mwaka uliofuata watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, na safari hii lililowafichua ni kumbukumbu za taasisi nyingine, Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo tangu lilipoanzishwa mwaka 1973 limekuwa likitunza matokeo ya watahiniwa. Cheti kilicho mkononi mwa mtumishi kiliwekwa mbele ya rekodi ya aliyekitoa. Visa hivi viwili vinasema jambo moja kutoka pande mbili: mashine hutunza uongo kwa uaminifu uleule inaotunza ukweli, na kinachotenganisha hivyo viwili ni kumbukumbu inayoweza kufuatwa hadi chanzo chake. Kifo cha mwalimu wa kijijini kinapaswa kuwa na karatasi inayotoka shuleni, ikapita halmashauri, ikafika kwa anayefuta jina. Mnyororo huo ukikatika katikati, mfumo wa malipo hauwezi kujua.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba ninaisifu karatasi na kusahau ilivyotutesa. Hakuna aliyewahi kufuatilia kiwanja asiyelijua jibu la kwamba faili halionekani. Faili la karatasi likifichwa, limefichwa. Likichomolewa folio moja, hakuna kengele inayolia. Tume ya Ndung'u nchini Kenya, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria kwa kiwango kikubwa, na mambo hayo yalipita katika masjala za karatasi zenye rejista na mihuri yote. Mfumo wa kidijiti, mpingaji ataongeza, huandika nani kafungua nini na saa ngapi, na hauruhusu faili kulala droo ya mtu. Ndiyo maana Kenya ilizindua Ardhisasa mwezi Aprili 2021 ikianzia Nairobi, na Tanzania, kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa mwaka 2019, inaingiza wizara na halmashauri katika ofisi mtandao ambamo dokezo linakwenda bila tarishi. Hoja hii ni nzuri na sehemu yake kubwa naikubali. Alama inayoachwa na mfumo ni bora kuliko rejista ya karani, na umbali kati ya Dodoma na Kigoma hauna tena maana kwa barua.

Hata hivyo hoja hiyo inathibitisha zaidi ya inavyokusudia. Hatimiliki iliyopatikana kwa hila ikiingizwa katika mfumo, inakuwa hatimiliki safi yenye alama zote za usalama, na kuipinga kunakuwa kugumu kuliko mwanzo kwa kuwa sasa ina sauti ya mashine nyuma yake. Kazi ngumu ya kila mradi wa aina hii ipo kabla ya mashine: kulinganisha faili na rejista, rejista na ramani, na ramani na ardhi yenyewe, na kuamua kipi ni cha kweli vinapopingana. Hiyo ni kazi ya masjala. Programu haiwezi kuifanya, na mwandika programu hana mamlaka nayo. Vilevile alama ya nani kafungua nini ni kumbukumbu inayohitaji kutunzwa kwa miaka, kusomwa na mtu asiye chini ya anayechunguzwa, na kuhamishwa mfumo unapobadilishwa. Faili la Kijerumani lilikaa ardhini likatoka likisomeka. Taarifa iliyohifadhiwa katika programu ya miaka ishirini iliyopita, kwenye diski ambayo kompyuta za leo hazina pa kuiingizia, inapotea bila moto wala mchwa. Karatasi huvumilia kusahaulika kwa muda mrefu. Taarifa ya kidijiti haivumilii, ni lazima mtu aihudumie mfululizo.

Pingamizi la mwisho ni la fedha: nchi maskini haiwezi kuajiri wataalamu wa kumbukumbu kila ofisi, na kompyuta ndiyo inayopunguza watu. Hesabu hiyo inaonekana sahihi kwa sababu inaandika gharama ya upande mmoja tu. Mishahara ya wafanyakazi hewa ni gharama ya kukosa mtunza kumbukumbu. Kesi ya ardhi inayodumu miaka kumi mahakamani kwa sababu faili halina folio tatu ni gharama yake, na fidia inayolipwa na serikali kwa mkataba ambao haina nakala yake nayo ni gharama yake. Zote zipo katika vitabu vya mafungu mengine, ndiyo maana masjala huonekana kuwa matumizi yasiyo na faida. Historia tuliyoipitia inaonyesha pia kwamba idadi ya watu si jambo la kwanza. Boma la wilaya lilikuwa na makarani wachache. Lilichokuwa nacho ni kanuni iliyowabana wote, kuanzia bwana shauri, kwamba uamuzi usioandikwa ndani ya faili haujafanyika.

Kanuni hiyo ndiyo inayopimwa leo, na ushahidi haufurahishi. Maagizo ya kazi, idhini za matumizi na taarifa za dharura hupita katika makundi ya WhatsApp yaliyo ndani ya simu za watu binafsi, chini ya kampuni ya nje, na yanaweza kufutwa kwa kidole kimoja. Watumishi wanafanya hivyo kwa sababu njia hiyo ni ya haraka na inafika vijijini, na hakuna katazo litakalowazuia, kama lile la 1974 lisivyoweza kudumu. Kwa maana moja tumerudi Unguja ya karne ya 19, ambako habari za utawala zilikuwa katika vitabu vya mtu binafsi, tofauti ikiwa kwamba vitabu vile angalau viliandikwa vidumu. Kinachowezekana ni kile kilichofanya kaboni ifae: kuhakikisha nakala ya taasisi inazaliwa pamoja na ujumbe wenyewe, bila kumsubiri mwenye simu akumbuke, na kumpa mtunza kumbukumbu cheo cha kutosha kumwambia mkurugenzi kwamba agizo lake halijasajiliwa. Bajeti ya mfumo mpya isiyokuwa na fungu la mtu huyo, la mafunzo yake na la kusafisha kumbukumbu za zamani kabla ya kuziingiza, ni bajeti ya kurudia yaliyoikuta Wizara ya Fedha baada ya 1965. Na safari hii mashine ya zamani ya kurudia haipo.